Kabla ya kugusa diski kuu (hard disk) yenye sekta mbovu, yaani vipande vidogo visivyosomeka

Kwanza, acha kuitumia. Usisakinishe programu wala kuhifadhi chochote ndani yake. Kama inagonga tak-tak, zima umeme sasa hivi. Hiyo ni kazi ya maabara ya uokoaji, hakuna programu itakayokusaidia.

Kisha soma hali yake, yaani orodha ya SMART ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au kwa sudo smartctl -a /dev/sda kwenye Linux (weka jina la diski yako). Katika orodha hiyo, namba 5 ni sekta ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake. Namba 197 (C5 kwenye CrystalDiskInfo) ni sekta zilizogoma kusomeka na zinazosubiri kuamuliwa. Namba 199 (C7) ikipanda peke yake, ushuku waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta: badilisha waya kabla hujailaumu diski. CrystalDiskInfo inaweza kuandika tarakimu ghafi kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita; hapo 10 unayoiona ni 16.

Sasa lililo kubwa: usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Najua ndiyo amri ya kwanza inayotajwa kila mahali, na ndiyo iliyokwisha kuzika picha za harusi na hesabu za maduka mengi. Mambo huenda hivi. Diski ya TB 1 imeanza kukwama, 197 inaonyesha sekta chache tu, na karibu kila faili bado linafunguka. Mtu anaiwasha amri jioni na kwenda kulala. Amri inaanza kwa kunyoosha mfumo wa mafaili, yaani inaandika juu ya diski mgonjwa. Rekodi isizozielewa inazifuta, au inatupa vipande kwenye folda ya found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Halafu inapita diski nzima, hata sehemu tupu zisizo na faili. Ikifika penye ubovu, diski inarudia kusoma sekunde kadhaa, tena na tena, na kichwa cha kusomea kilichokwisha kudhoofika kinamalizikia hapo. Asubuhi diski haionekani kabisa. Kazi ya chkdsk ni kuuweka mfumo sawa, hata kwa gharama ya faili lako.

Kwa hiyo nakili kwanza. Tafuta diski isiyo na ubovu yenye ukubwa uleule au zaidi, na flashi ya kuwekea ramani ya kazi, yaani faili linaloonyesha sehemu zipi zimekwisha kunakiliwa. Washa Linux kutoka flashi nyingine. Programu ya kunakili ni ddrescue: kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue, ila amri ni ddrescue. Andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL uhakikishe ipi ni ipi, kwa modeli na namba ya diski, si kwa kukisia. Kama mgonjwa ni sda na isiyo na ubovu ni sdb:

sudo ddrescue -d -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Ukizigeuza sda na sdb, utaandika utupu juu ya data yako. Faili la ramani likae kwenye ile flashi uliyoitenga kwa ramani: umeme ukikatika, utaendelea ulipoishia. Duru hii huchukua sehemu rahisi na kuruka ngumu. Ikiisha, rudia amri bila -n, ukiongeza -r3, ili sehemu zilizobaki zijaribiwe mara tatu zaidi.

Chkdsk iendeshe kwenye nakala tu, tena baada ya kutoa mafaili ya muhimu.

Ukishathibitisha kwamba mafaili yanafunguka, ndipo ujaze diski ya zamani sifuri yote. Sekta inayosubiri huamuliwa inapoandikwa upya. 197 ikirudi 0 na 5 isipande, huenda chanzo kilikuwa umeme kukatika katikati ya kuandika, na diski inaweza kutumika kwa vitu visivyo na thamani. 5 ikizidi kupanda, itoe kazini. Na usimuuzie mtu bila kumwambia.

Chaji kompyuta kabla ya kuanza, au tumia UPS (betri ya akiba). Diski isipate joto. Usiifungue kifuniko, usiiweke kwenye friji, usiigonge.