Kwenda kusoma Kijapani: karatasi kwanza, begi baadaye
Muhula wa Aprili maombi yake huanza kama miezi 6 kabla. Chuo cha lugha ndicho kinachokuombea cheti cha ustahiki, yaani uthibitisho kwamba unastahili kuingia Japani kusoma, kwa uhamiaji wa Japani. Cheti hudumu miezi 3. Kabla hujakipata, usipande SGR kutoka Dodoma kwenda ubalozini Dar es Salaam kuomba viza.

Wengi hukwama kwenye majina: cheti cha kuzaliwa Asha, cha kidato cha nne Aisha. Rekebisha kabla ya pasipoti. Taarifa ya benki ya mdhamini nayo isionyeshe mamilioni yaliyoingia jana. Hutiliwa shaka, na ni haki ya maofisa wa uhamiaji.

Ukisubiri, maliza hiragana, herufi 46 za msingi za Kijapani, kisha katakana, zile za maneno ya kigeni. Vyuo vingi hudai ushahidi wa saa 150 za masomo, au N5, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani (JLPT).