Ligi ya kanda: jinsi ya kuitumia kukuza wasichana wa soka Nairobi

Ligi haimkuzi msichana anayekaa benchi. Kocha wa Dandora, Kayole au Kibera aanze na daftari: kila mchezaji ukurasa wake, na baada ya kila mechi aandike dakika alizocheza, nafasi aliyochezeshwa na jambo moja la kurekebisha. Asiyefikisha dakika 45 kwa jumla katika mechi tatu, aanze ya nne, hata kama mnawania ubingwa.

Sajili wachezaji wapatao 25. Shule za bweni zikifunguliwa, kikosi hupukutika, kwa hiyo hesabu wanaobaki mtaani. Wakiwa chini ya 14, endelea kutafuta. Timu yenye wachezaji chini ya saba haiwezi kuanza mechi, na pointi za mezani, za ushindi bila kucheza, hazimfundishi soka hata anayezipata.

Vyeti vya kuzaliwa vitafutwe mapema, kabla ya dirisha la usajili. Jina lilingane na la shuleni herufi kwa herufi. Wengi hukwama hapo. Umri usiguswe kabisa. Mwaka 2024 Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, la wasichana chini ya miaka 17, na nafasi kama hiyo humponyoka mwenye tarehe ya kubuni.

Linalotuumiza zaidi ni magoti. Wasichana hukatika kano za goti mara nyingi kuliko wavulana, na wengi hupotea hapo wakiwa bado wadogo. Pasheni misuli dakika 20: nane za kukimbia taratibu, kumi za nguvu na mizani ya mwili, mbili za kukimbia kwa kasi na kukata kona. Mchezaji anaporuka na kutua, tazama goti. Likiinama kwa ndani, msimamishe, arudie mpaka lielekee vidole vya mguu. Foleni ya Jogoo Road ikiwachelewesha, msikate dakika hizo. Ondokeni mapema zaidi mechi ijayo.

Mazoezi yaishe saa kumi na moja na nusu jioni, wafike nyumbani kabla ya giza. Mzazi akiona binti anarudi kwa wakati, ruhusa haisumbui. Kwa siku za hedhi, chagueni bukta nyeusi, na mkoba wa huduma ya kwanza usikose sodo.

Mechi za nyumbani zirekodiwe kwa simu, anayerekodi akisimama mahali pa juu usawa wa mstari wa kati. Kocha wa ligi kuu akiuliza kuhusu winga wako, mtumie mechi nzima pamoja na namba ya jezi. Vipande vya mabao pekee havionyeshi anavyokaba.