Jinsi ya kuomba barabara ya mtaani kwenu ipewe jina la mchoraji (sisi wa Mbeya)

Wengi wanakwama pale mwanzo kabisa, wanaandika "tunaomba mtaa wetu uitwe Mzee Fulani". Hapo umeshaharibu. Kiserikali mtaa ni eneo lenye mwenyekiti na mtendaji wake, kuligusa jina hilo ni mlima mwingine. We unataka jina la barabara au njia, lile la kwenye kibao cha nguzo, kwahiyo andika "barabara" na utaje inaanzia wapi inaishia wapi.

Anza na familia ya mchoraji, wakubali kwa maandishi. Halafu mtendaji wa mtaa aiweke kwenye ajenda za mkutano mkuu wa mtaa. Usilenge msimu wa kupanda, mvua za Mbeya mnazijua, watu wako shamba akidi haitimii mnaahirisha weee. Beba picha za kazi zake, kuta za shule alizochora, mabango ya saluni za Mwanjelwa, hata ubavu wa daladala. Atatokea tu mtu wa kusema mchoraji kafanya nini cha maana, mwambie Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru 1932, akachora kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake (sio lile la kusukuma udongo jamani).

Swali gumu litatoka kwa wenye nyumba: "na anwani zetu za 2022 je?", yaani zile za operesheni ya anwani za makazi. Wana haki, jina likibadilika na anwani inabadilika. Ndo maana mi nashauri mchague njia isiyo na jina kabisa, au ile iliyopewa jina la harakaharaka kwenye operesheni. Na muwe na jina la akiba, la kwanza likikutwa lishatumika jijini msianze upya.

Mkikubaliana dai muhtasari wa mkutano, wenye mahudhurio, sahihi na muhuri, bila huo utarudishwa tu. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia mtendaji wa mtaa na wa kata, ikajadiliwe kamati ya maendeleo ya kata, diwani aipeleke juu. Baraza la madiwani la kawaida hukaa kila robo mwaka, ukichelewa wiki moja umesubiri miezi mitatu. Toa kopi ya kila kitu, igongwe "imepokelewa".

Likipita usikimbilie kupiga picha na kibao, muulize mratibu wa anwani za makazi kama jina limeshaingizwa kwenye NaPA, ule mfumo wa kidijitali wa taifa wa anwani za makazi, maana mtu akiitafuta nyumba yako kwenye simu ataletewa kilichomo humo.