Pima mkononi mwako misuli inayotutofautisha na sokwe

Pandisha mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, keti mezani na ulaze kigasha, kiganja kikitazama juu. Ni vizuri uwe na mwenzako wa kukupapasa.

Anza na gumba, maana tofauti kubwa iko hapo. Kwa mkono wa pili, bana pingili ya chini ya gumba isisogee, legeza vidole vingine, kisha kunja ncha ya gumba peke yake. Mwenzako akibonyeza kigasha upande wa gumba, upana wa vidole vinne juu ya kifundo, atahisi msuli ukikaza. Sokwe mtu hana msuli huo ukiwa umejitenga. Kano ya gumba lake, ikiwepo, ni nyembamba na hutokana na msuli unaokunja vidole vingine. Gumba lenyewe pia ni fupi. Ndiyo maana sokwe wa hifadhi ya Gombe, Tanzania, wakivua mchwa, mara nyingi hubana kijiti kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, si ncha kwa ncha kama tunavyoshika sindano.

Kidole cha shahada kikijikunja pamoja na gumba, hakikisha hukukaza ngumi. Kikiendelea, huenda kano hizo mbili zimeungana. Huwatokea wengi, wala si ugonjwa.

Sasa gusanisha gumba na kidole cha mwisho, ukunje kifundo kidogo. Kano inayochomoza katikati ni ya msuli mrefu wa kiganja. Usiichanganye na ile ya upande wa gumba. Hujaiona? Baadhi yetu huzaliwa bila msuli huo, pengine mkono mmoja tu, na bado hushika vitu vizuri. Wanaodai kuukosa ni dalili ya kuwaacha sokwe mbali wanakosea, kwani gorila naye huukosa mara nyingi.

Msuli mmoja usihangaike kuutafuta: unaotoka kwenye msuli mpana wa mgongo, ukapita chini ya kwapa kuelekea kiwiko. Sokwe wanao, nao huwafaa katika kupanda miti. Sisi kwa kawaida hatuna.

Na usiamini kwamba sokwe mtu anatuzidi nguvu mara tano. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria takriban mara 1.35 kwa msuli wa ukubwa uleule, hasa kwa kuwa nyuzi zake kama 67% ni za mkazo wa haraka. Zetu nyingi ni za polepole, zisizochoka upesi.