Kabla Hujafuta Bei Ubaoni

"Hizi ni za lini?"

Shosho mmoja aliniuliza hivyo mwaka 2024, wiki ile mafuriko yalipokata barabara na bei za Nyamakima, soko letu la nafaka ya jumla Nairobi, zikaanza kupaa. Nilikuwa nimefuta 300 ubaoni nikaandika 350, bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ya maharagwe ya nyayo. Gunia lilikuwa lilelile la wiki iliyotangulia, lina alama ya rangi nyekundu ubavuni, limefika nusu. Alilitambua. Akafunga tena kitambaa chake cha pesa, akavuka kwa jirani. Jirani naye alikuwa anauza 350, ila gunia lake lilikuwa jipya.

Nauza nafaka Kayole, kwenye kibanda alichoniachia mama. Kabla ya hapo nilikuwa nasoma sosholojia, na kwa miaka niliona yale madaftari hayana kazi yoyote mbele ya gunia la ndengu. Shosho alinirudisha darasani. Haya ni ya mwenye kibanda mwenzangu anayetaka kupandisha bei bila kukimbiwa na mtaa.

Anza na hesabu, na uifanye kwa uaminifu. Gunia la kilo 90 hunitolea gorogoro 40 hivi. Likipanda kwa shilingi 1,200, kila gorogoro imepanda 30. Ongeza 30, usiongeze 50. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majibu ya watu waliopigiwa simu huko Kanada. Waliulizwa hivi: duka linauza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15. Theluji kubwa inaanguka usiku, asubuhi bei ni 20. Asilimia 82 walisema hiyo si haki. Muuza mboga aliyenunua letusi kwa senti 30 zaidi akaongeza senti 30 zilezile, asilimia 79 walimkubalia. Nairobi hatuhitaji theluji kulielewa hilo. Mvua ikinyesha jioni, nauli inaruka kutoka 50 hadi 100 na matatu nzima inamlaani makanga. Petroli ikipanda na nauli ikaongezwa 10, watu wananung'unika siku mbili wanazoea. Mimi nilikuwa nimeongeza 50 kwenye gunia ambalo sikulinunua ghali hata kwa senti moja. Nilikuwa makanga wa mvua.

Mchumi atakubishia: la zamani likiisha, jipya utalinunua kwa pesa gani? Swali lake lina uzito, na ndiyo sababu sikwambii uuze la zamani kimyakimya mpaka liishe. Ukileta gunia jipya, lifungue mchana, mbele ya watu, kando ya lile la zamani. Weka vibao viwili, 300 na 330. La zamani kila mtu achukue gorogoro mbili tu, la sivyo mwenye kibanda mwingine atatuma watoto wakumalizie lote. Siku tatu hizo utapoteza pesa kidogo, lakini mtaa mzima utakuwa umeona kwa macho bei imetoka wapi. La zamani likiisha, hakuna atakayekuuliza.

Mkebe usiuguse. Unawajua wale wanaougonga kitako mpaka kinaingia ndani, kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani umekula kiganja kizima cha maharagwe. Mteja anasamehe bei. Mkebe hausamehi, na ataupima nyumbani kwa gorogoro yake. Wala usikate nyongeza. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hufuatana na wajibu wa kupokea na wa kurudisha. Konzi ile unayomwaga juu ya mkebe uliojaa ndiyo inayomrudisha mteja kesho. Bei ikipanda, mimi huongeza konzi.

Kuhusu matarajio, mchumi John Muth alisema mwaka 1961 kwamba watu hukisia bei zijazo kwa kutumia habari zote walizo nazo. Kwangu naona ni kweli nusu. EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta, ikitangaza bei za mafuta tarehe 14 ya mwezi, kesho yake wateja wananiuliza kama maharagwe yamepanda, hata kabla sijapanda gari kwenda sokoni. Nusu ya pili ni hadithi, na mwanasosholojia Mjerumani Jens Beckert ameieleza vizuri: kesho haijulikani, kwa hiyo watu huamua kwa picha waliyojichorea. Julai 2022, uchaguzi ukikaribia, serikali ilitangaza pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe shilingi 100, kutoka 200 na ushee. Kwangu haikufika hata moja. Watu walikuja na noti ya mia mkononi, wakichungulia nyuma yangu, kwenye pazia. Hawakuniambia mwizi, lakini nilisikia.

Mwanahistoria E. P. Thompson, mwaka 1971, aliandika juu ya makundi ya Waingereza wa karne ya 18 waliovamia nafaka. Hawakuwa wenda wazimu wa njaa: waliamini kuna bei ya haki, na kwamba kuficha chakula ukingoja bei ipande ni kosa. Mara nyingine waliiuza nafaka kwa bei waliyoona inafaa, wakampa mwenyewe pesa zake, hata magunia wakarudisha. Nililing'oa pazia wiki hiyohiyo. Magunia yote sasa yako mbele.

Siku nayo ichague. Msomi James Scott, aliyeandika juu ya wakulima wa Burma na Vietnam mwaka 1976, alisema maskini hakupimi kwa kile unachochukua bali kwa kile unachombakishia. Vibarua wa mjengo wengi mtaani kwetu hulipwa Jumamosi. Usipandishe Alhamisi. Na wiki ya kufungua shule, acha kabisa.

Limebaki deni. Anayesema "niandikie" leo atalipa bei ya leo hata ikipanda kesho, basi andika shilingi, usiandike gorogoro. Mama aliandika gorogoro: vijiti vinne na cha tano cha kuvikata. Bei ikishuka, alidai ile mpya. Ikipanda, alidai ile ya zamani. Alikula hasara pande zote mbili, na daftari lake bado ninalo, kurasa zote zimepigwa mstari wa kulipwa. Langu, la shilingi, lina wanne ambao siku hizi hupitia njia ya nyuma.