Namna ya Kukusanya Visa vya Makaburini Vijijini Ireland

Ukitafuta visa vya makaburi ya kale kijijini Ireland, usianze kwa kuulizia mizimu, bali muulize mzee wa hapo ni nani aliyezikwa mwisho. Kwa imani ya zamani, huyo ndiye mlinzi wa makaburi, au mchota maji wa roho zilizo toharani, yaani zinazotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, mpaka aletwe mwingine. Ndiyo maana husimuliwa kwamba misafara miwili ya mazishi ilipokutana, waombolezaji walishindana mbio, jeneza begani, na wengine wakalipitisha juu ya ukuta ili kuwahi. Andika maneno ya mzee huyo kama alivyoyatamka, matusi yakiwemo, kisha uyalinganishe na visa vilivyoandikwa na wanafunzi wa shule za msingi kati ya 1937 na 1939, ambavyo sasa vinasomeka mtandaoni.