Dola ya "dhahabu" ya 1789: isome pembeni kabla hujatangaza bei

Meli zikianza kufunga gati Mtwara msimu wa korosho, haichukui muda kijana atakuja hapa kibandani kwangu Chikongola na "dola ya dhahabu ya mwaka 1789", kaikunja kwenye leso. Mwaka kausoma vizuri, umeandikwa kweli. Ila 1789–1797 ni miaka ya utawala wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Sarafu yenyewe ni ya 2007, mojawapo ya dola za Marekani zenye sura za marais wao.

Mwaka wa kutengenezwa uko ukingoni. Ishike sarafu kwa vidole viwili, washa tochi ya simu, izungushe taratibu. Utaona tarakimu zilizochimbwa, herufi P ya Philadelphia au D ya Denver, na maneno E PLURIBUS UNUM. Za 2007 na 2008 zina IN GOD WE TRUST hapohapo ukingoni. Kuanzia 2009 maneno hayo yalihamia upande wa sura. Ukikuta maandishi yamepinduka juu chini, tulia. Mashine haikujali sarafu imelalia upande gani, kwa hiyo za namna hiyo zimejaa.

Dhahabu hamna. Kiini ni shaba tupu, juu imevikwa mchanganyiko wa shaba, zinki, manganizi na nikeli. Mwombe sonara akupimie: gramu 8.1, upana milimita 26.5. Ikinasa kwenye sumaku, achana nayo.

Uzito huo una kazi nyingine. Baadhi ya dola za Washington zilitoka kiwandani bila maandishi yoyote ukingoni, na hizo wakusanyaji huzinunua kwa makumi ya dola. Wajanja wakalijua hilo, wakaanza kupiga tupa ukingo mpaka uwe laini. Tupa hula shaba, basi mzani utamuumbua: ukingo laini na gramu zimepungua, hiyo imechezewa. Angalia pia kama kuna mikwaruzo inayoelekea upande mmoja.

Kuna na ile ya Sacagawea, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, ambaye kwangu anawapita marais wote kwa uzuri. Yake ya 2000 hadi 2008 ina mwaka upande wa sura. Za 2000 zenye P zigeuze, umkague tai: chache zilizowekwa kwenye maboksi ya nafaka za Cheerios zina manyoya ya mkia yaliyochongwa kwa mistari ya kina zaidi, na bei yake ni maelfu ya dola. Kuipata huku Kusini ni ndoto, lakini kuitazama ni bure.

Zilizobaki? Iliyochakaa mfukoni ni dola moja, basi. Iliyo safi kama imetoka kiwandani huongeza kidogo. Mtandaoni usidanganywe na bei anayoitaka muuzaji. Tafuta bei zilizokwisha kuuzwa. Za kuanzia 2012 zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, lakini hilo peke yake haliwi utajiri.

Na tafadhali, ndimu na majivu viacheni kwa masufuria. Sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji huitambua kwa ule mng'ao wake wa uongo, naye huikata bei papo hapo. Chumvi ya hewa yetu inatosha kuitia madoa. Iweke kwenye bahasha kavu ya karatasi, ishike ukingoni.

Kuituma Marekani ikapewe daraja la ubora na PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, kwenye kipimo chao cha 1 hadi 70, fikiria hilo kwa ile isiyo na maandishi ukingoni au ya mkia wa tai. Kwa dola ya kawaida, nauli ya posta peke yake inaimeza.